Kwa Nini Hatukukusubiri

Ambalahonko,
Menabe.
18 Februari 2018

Mpendwa wifi Soafara,

Salamu nyingi kwako, kwa mumeo na kwa watoto. Je, miguu imepungua kuvimba baada ya safari? Huku tu wazima. Mvua inanyesha na mpunga umechipua.

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Nimesikia uligeuza safari palepale mtoni ulipoambiwa kaka yako Fiantsona ameshazikwa. Uliniomba nikusubiri hadi Jumapili, nami nikamzika Ijumaa. Nataka ulisikie jambo hili kwangu mwenyewe.

Mwiko wetu unaujua: maiti akiwa ndani, hakuna anayeingia mikokoni, wala kaa hatoki kijijini. Enzi zako hapa tulichemsha kaa tukauza sokoni, na kuchelewa siku mbili hakukumdhuru mtu. Sasa wanakwenda China kwa ndege, wakiwa hai, na bei nzuri ni kabla ya sikukuu yao ya mwaka mpya. Ikipita, bei inashuka nusu. Nyumba zote kumi na mbili zilikuwa na matenga yaliyojaa, na lori la mwisho lilikuwa la Ijumaa.

Mamisoa, yule mnunuzi, alikuja kutoa rambirambi akasimama mlangoni. "Pole sana, mama," akaniambia, "lakini ndege haijui msiba."

Hakuna aliyenilazimisha. Wazee walisema mwenye maiti ni mimi, niamue. Jirani yetu Tsiresy tu ndiye aliyenong'ona kwamba kaa wa siku hizi wana haraka kuliko wafu. Watu wakacheka kidogo, hata mimi.

Kaka yako alizoea kumgusa kaa jicho kwa unyasi. Akilirudisha ndani, yu hai. Alhamisi nilizunguka na unyasi kwenye matenga ya watu. Wengi hawakurudisha macho. Nikaingia ndani nikasema tumzike kesho alfajiri. Sikulia. Hata sasa bado.

Lori liliondoka na kaa waliobaki. Wenye gando moja walikataliwa, tukawapika matangani. Nilikula, sikusikia ladha.

Kaka yako nilimvisha lile shati la bluu ulilomletea, lenye vifungo vyeupe.

Nisalimie Vavisoa na mdogo wake. Mungu na wahenga wetu wawatunze nyote. Siku utakayokuja, nigombeze palepale kaburini, nitasikiliza. Na ukimwombea kaka yako, unitaje na mimi.

Wifi yako, ambaye hajaacha kukupenda,
Zaramena