Ngazi Hazijafagiwa

"Huko Ujerumani mtu hufia chumbani mwake, na jirani wa ukuta kwa ukuta asijue. Mtoto wetu haendi kukaa na watu wa namna hiyo."

Maneno hayo ni yako, Kaka Seif. Nimeyatoa kwenye kaseti uliyonirekodia neno kwa neno, nimerudisha nyuma na kusikiliza tena, nisije nikakusingizia. Sasa pokea shikamoo yangu, umpelekee na Mama yake, umbusu mkono kwa niaba yangu, kisha ukae kitako, maana leo sikuandikii habari za theluji. Nakuandikia kukupinga.

Nalijua lililo mbele yako. Wizara imempa Asya nafasi ya kusomea uuguzi hapa hapa Stuttgart, mji ninaokaa mimi. Baba yake hayupo, walii wake ni wewe, na bila sahihi yako hasafiri. Dada yetu Zuwena hatakupinga, kwa sababu hajapata kukupinga tangu tulipokuwa watoto Unguja, kabla hatujahamia Nizwa, Omani. Mtoto mwenyewe amenyamaza kwa adabu. Basi nitasema mimi, ambaye adabu yangu mnaijua.

Kwanza nikuulize, haya umeyapata wapi? Umeyapata kwa Bwana Salum, aliyekuja huku kutibiwa macho. Nilikwenda kumtazama hospitali kila siku. Yaani shahidi wako ni mtu aliyeiona Ujerumani akiwa amefungwa kitambaa usoni.

Mimi naiona kwa macho mawili, na sisemi kuwa ni pepo. Nimepata kupiga simu kuulizia chumba, nikaambiwa kipo, njoo. Nikafika, mwenye nyumba akanitazama uso, akasema kimekwisha kuchukuliwa. Kwenye tramu yuko mtu atakayesimama njia nzima kuliko kukaa karibu yangu. Waturuki wanaofanya kazi viwandani, ambao ndio wenye msikiti tunaosali, uani nyuma ya gereji, huandikiwa maneno ukutani, nao huamka asubuhi wakayapaka chokaa. Asya atayaona hayo. Sitaki mtu aje aniambie baadaye kwamba nilimficha.

Lakini jirani asijue? Hapo ndipo ninapokukatalia.

Katika nyumba ninayokaa tumo wapangaji wanane, na ngazi ni moja. Kipo kibao kidogo cha mbao chenye kamba, na kila wiki huning'inizwa kwenye mlango wa mtu mmoja. Kikiwa kwako, wiki hiyo ngazi ni zako: ufagie, upige deki, na ikifika Jumamosi jioni ziwe zinang'aa. Nilipohamia nikakikuta mlangoni pangu. Nikaona mtu amesahau kitu chake, nikakichukua kwa heshima nikakitundika mlango wa pili. Akatokea mwenye mlango, mjane mmoja mrefu, Bi Kessler, akakirudisha.

"Hiki chako, Bwana Nasor."

"Samahani, si changu. Mimi nimekuja jana."

"Ndiyo. Na jana ilikuwa Jumatatu. Wiki ni yako."

Cheka, Kaka, uridhike. Mimi niliyegombana na nusu ya ofisi ya wilaya pale Nizwa, mimi ninayekula mshahara kwa kufasiri vitabu vya mashine kwa Kiarabu, nikapiga magoti na tambara kwenye ngazi, na bibi amesimama juu yangu anaoneshea kidole. "Pembeni. Umesahau pembeni." Nilikuwa na hasira za kuandikia gazeti. Ila usiku ule nikafikiri: hii naijua. Hii ni zamu ya falaji, mfereji wetu wa mashambani. Maji yanapita mbele ya shamba la kila mtu, kila mtu ana saa yake, anayekupa maji ni aliyekutangulia na anayekungoja ni anayekufuata. Hakuna anayeuliza kama wewe ni bwana mkubwa. Tangu siku ile nafagia bila kinyongo, na pembeni nafika.

Bi Kessler ndiye pia anayenichukua kutembea siku za Jumapili. Mara ya kwanza aliponialika nilivaa vizuri, nikanunua boksi la tende kwa Waturuki, tukapanda vilima vya mizabibu yeye, rafiki zake wawili na mimi. Tukapita msitu, tukapita kijiji, hatusimami. Mwisho nikauliza:

"Tunakwenda kwa nani?"

"Kwa nani vipi?"

"Nyumba ya nani? Nani anatungoja?"

Wakatazamana. "Hakuna anayetungoja, Bwana Nasor. Tunatembea."

Fikiri mtu atoke Nizwa mpaka Bahla, ageuze, arudi, bila kubisha hodi kwa mtu wala kunywa kahawa ya mtu. Tende tukazila tumekaa juu ya gogo. Nikaona jambo jingine: mjini hawa hawaamkiani, lakini msituni kila unayepishana naye anakuamkia. Nilipomuuliza Bi Kessler sababu, alisema, "Mjini tuko wengi mno. Ungechoka." Bado nafikiri kama hilo ni jibu au si jibu.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, na hili Mama msimsomee mpaka awe ameshakula.

Majira ya baridi yaliyopita nilishikwa na tumbo. Niliona ni chakula. Siku ya pili nikashindwa kwenda kazini, nikapiga simu. Mkubwa wangu akauliza, "Ni kubwa? Unataka mtu aje?" Nikasema, "Hapana, dogo tu." Jioni nikashuka kuchukua barua zangu, nimeshika ukuta, nikakutana na Bi Kessler anapanda.

"Bwana Nasor, hujambo? Umekuwa mweupe."

"Sijambo, alhamdulillahi. Kheri tupu. Wewe je, na mwanao, hajambo?"

"Kweli hujambo?"

"Kweli. Hakuna habari."

Akanitazama, akasema vyema, akaingia kwake akafunga mlango.

Umeiona, Kaka? Umeijua hiyo ni nini? Ni adabu ya Nizwa. Sisi tuliotoka Unguja tulipofika pale tulicheka, kisha tukaivaa kama kanzu: mtu akija hukaa, huulizwa kuna habari gani, naye hujibu hakuna, ni kheri tupu. Hata kama njiani ameacha maiti, ni kheri tupu. Kahawa inamiminwa, tende zinaliwa, kikombe kinatikiswa kuonesha basi, ndipo anasogea karibu na kusema alilokuja kulisema. Na mwenyeji wa Nizwa anajua. Anasikia "hakuna habari" huku anakutazama ulivyokaa ukingoni mwa mkeka, naye anaharakisha kahawa.

Bi Kessler hajui hayo. Kwao mtu akisema hapana ni hapana. Mimi nilingoja kahawa, yeye aliniamini.

Nikalala. Ijumaa siikumbuki vizuri. Jumamosi nilikuwa chini sakafuni, baina ya kitanda na mlango, homa imenipanda, mdomo mkavu, sauti haitoki. Na nakwambia wazi niliyawaza maneno yale yale unayoyasema wewe: nitafia humu, na jirani wa ukuta kwa ukuta hajui.

Jioni mlango ukagongwa. Si kugonga kwa kuuliza hali. Kugonga kwa ugomvi.

"Bwana Nasor. Leo Jumamosi. Ngazi hazijafagiwa."

Kibao kilikuwa kwangu. Akagonga tena, akasema kwamba anajua nimo, buti zangu ziko nje, na kwamba tangu nihamie sijapata kukosa Jumamosi hata moja. Baada ya hapo nikasikia sauti nyingine kabisa, ya chini: "Hajapata kukosa." Akashuka mbio kumwita mwenye funguo.

Kilikuwa kidole tumbo, nacho kilikuwa kimeshapasuka. Daktari aliniambia kwamba ningelala hivyo usiku mmoja zaidi, yeye asingekuwa na kazi na mimi. Barua ile niliyokuandikieni kwamba nina mafua na napumzika, niliiandikia kitandani hospitali.

Bi Kessler alikuja kunitazama, amekaa wima kwenye kiti kama yuko kituo cha polisi. Akasema, "Nimekufagilia. Ukipona utafagia yangu." Nikacheka, na mshono ukaniuma. Kisha akainama, akaniuliza polepole, si kwa ukali, "Nilikuuliza mara mbili. Kwa nini uliniambia uongo?"

Nimesoma vitabu vingi, Kaka, na nimebishana na watu wa kila namna. Nami nikamuuliza habari za mwanawe.

Nakusikia ukisema: aha, umenisaidia mwenyewe, huyo bibi alikuja kwa ajili ya vumbi, hakuja kwa ajili yako. Vyema. Basi tumzungumzie baba. Siku ile alipoanguka shambani, nani alimwona? Si mimi, nilikuwa ofisini. Si wewe, ulikuwa Maskati. Ni Mzee Hilali, mwenye zamu iliyofuata. Saa yake ya maji ilifika, maji hayakuja, akapanda mfereji akitukana, akimwita baba mwizi wa maji na Mzanzibari asiyejua ada za watu. Akamkuta amelala kifudifudi, maji yanapita pembeni mwake. Akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Baba aliishi miaka mingine, akaona harusi ya Zuwena. Je, wewe ulipata kusema kwamba Mzee Hilali alikuja kwa ajili ya maji? Wewe unamwita baba mdogo mpaka leo, na Idi unaanzia kwake.

Ujirani si lazima uanze na mapenzi. Pale Nizwa umeanza na maji, hapa umeanza na ngazi. Mapenzi huja baadaye, yakija. Lakini aliyezoea kukungoja ndiye anayejua kwamba leo hukuja. Bi Kessler hakujua kuwa naumwa kwa sababu mimi nilimficha. Alijua kuwa sikufagia. Lililotaka kuniua si baridi ya Wajerumani, ni ulimi wangu mwenyewe, nilioufunza vizuri sana.

Na hapa nisikufiche ninaloliogopa. Asya ni mtoto mwenye adabu kuliko mimi. Akija, ataumwa na kusema hajambo, atalia na kusema ni mafua. Hilo ndilo la kumwogopea. Majirani watamgongea, ilimradi afagie.

Nisalimie Zuwena na wanawe. Nisalimie mkeo, mwambie halua yake ilifika salama na Bi Kessler ameuliza inavyopikwa. Nisalimie Mzee Hilali, mwambie kwamba kibao changu bado nakitundika kwa wakati. Mama mpe salamu zisizo na hesabu.

Ninalotaka ni hili. Wewe Kaka Seif, tia sahihi, na utie kwa uso mkunjufu, asije mtoto huku akidhani amekuasi. Wewe Zuwena, acha kumshonea makoti, mfundishe jambo moja: akiulizwa hujambo naye anaumwa, aseme naumwa, papo hapo mlangoni, bila kungoja kahawa. Na wewe Asya, najua unamsomea mjomba wako Seif barua hii kwa sauti, basi jisomee na hili. Nitakungoja kituo cha treni. Kitu cha kwanza nitakuuliza habari za bibi yako. Kwenye kaseti mjomba wako anasema Mama hana neno, na nyuma ya sauti yake nimemsikia akikohoa mpaka upande ule ukamalizika. Usinijibu kheri tupu. Nijibu.

Ndugu yenu, na mjomba wako,
Nasor