Supaglu Kwenye Kava la Baba Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana ndani ya nyumba yangu natembea nimejibana ukutani kama mwizi.

Mimi ni msusi, naishi na mume wangu pamoja na baba mkwe, seremala mstaafu, ambaye macho yalipoanza kumsumbua aliacha kusoma kabisa akawa wa kukaa tu anatazama mlango, basi tukamnunulia kishikwambi cha kusomea vitabu, kile kinachokuza herufi mpaka zinakuwa kama za bango, mzee akachangamka, kila asubuhi ananisimulia alichosoma hadi chai inapoa, ila kava lake tulilipata kwa bei ya chee na haukupita mwezi lastiki ya pembe moja ikalegea, kishikwambi kikawa kinachomoka na kumwangukia kifuani, nami kwa kujifanya fundi, alipokwenda kuoga nikamimina supaglu pale pembeni, kidogo tu, nakuapia, lakini ikatiririka mpaka kwenye kitufe cha kuwashia, kikaganda, hakibonyezeki. Nikakirudisha mezani, nikaenda zangu saluni.

Jioni nikamkuta kainamisha kichwa. "Mwanangu, nisamehe," akaniambia, "nadhani nimekiharibu. Hii mikono siku hizi inatetemeka."

Nikajibu, "Usijali, baba." Eti usijali! Sasa amekifungia kabatini, anasema vitu vya kisasa si vyake, mume wangu anambembeleza, na mimi nafagia, nafagia hata palipo safi. Nifanyeje?

Msusi Mwenye Hatia

*

Msusi wangu, pole. Umenichekesha, halafu umeniudhi.

Supaglu, bibie? Haya, la gundi nimekusamehe. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika kava langu kwenye meza ya chakula, wageni wakala wamelizunguka. Lakini kumwacha mzee aombe msamaha kwa kosa lako, hapana. Mtu aliyetengeneza milango maisha yake yote, leo anaiogopa mikono yake kwa sababu yako.

Leo hii, kabla hujashika kichwa cha mteja yeyote, kaa mbele yake useme, "Baba, ni mimi." Usizunguke. Kisha mwombe mtengeneze pamoja. Pasha kava kwa draya yako ya nywele, moto mdogo, kwa nje, upitishe uzi wa kusafishia meno kati ya kava na kishikwambi, polepole, kama unavyomfumua mtoto anayelia. Kitufe kipelekeni kwa fundi simu. Usikichokoe na sindano, nakujua! Lastiki mpya ikate kwenye kiuno cha sketi iliyochakaa, uishone pembeni kwa uzi mnene. Ndani wekeni kipande cha tyubu ya baiskeli kisiteleze, mkishike kwa selotepu ya pande mbili, si kwa hicho unachokifikiria. Mzee apime na kukata, wewe ushone.

Akikufokea, nyamaza ufokewe, umestahili. Mumeo naye mwambieni wewe na mzee mkiwa pamoja, kwa sababu ukiachiwa usimulie peke yako, hatutachelewa kusikia kwamba aliyemwaga gundi ni paka.