Nilitolewa Raundi ya Sita

Kaka Hamisi mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba mguu wake umepungua uvimbe tangu tulipoongea. Mimi sijambo. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Kazi niliyokudokezea nimeipata, alhamdulillahi! Mwezi ujao naacha kupakua maboksi ghalani huku Dubai Investments Park, nakwenda kufundisha watoto besiboli, niwe msaidizi wa kocha upande wa warushaji. Lakini kaka, nusura niikose, na sababu ni wewe. Usinune, soma kwanza.

Jaribio lilikuwa mechi ya Jumapili asubuhi. Kocha, Mjapani mmoja mzee asiyecheka ovyo, alinipa mpira nianze kurusha. Raundi tano nzima wapinzani hawakupata hata pointi moja. Mwanzoni mwa ya sita bega likaanza kuchoma. Kocha akanijia, akauliza, "Mkono unauma?" Nikajibu kama ulivyonifunza: "No, sir." Akanyoosha kiganja nimpe mpira.

"Khalas. Nenda ukapumzike."

Hujui neno hilo la Kiarabu, yaani "basi, imekwisha", linavyotisha huku. Ghalani, msimamizi akikwambia khalas, ujue kesho unapanda ndege kurudi kwenu. Basi nikavua jezi, nikaikunja vizuri, nikamkabidhi kocha, nikashika njia ya kwenda kwenye basi. Swaleh, Mmombasa ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa amekuja kunishangilia. Akanikimbilia.

"We Rajabu, una wazimu? Wenda wapi kifua wazi?"

Nikamwambia nimefukuzwa.

"Nani kakufukuza? Mzee wa watu yuwakuita kule, jezi kaishika mkononi hajui aifanyeje!"

Kweli, kocha alikuwa ameduwaa. Akasema kurusha nimeweza, alisharidhika tangu raundi ya tatu. Kilichomtia shaka ni lile jibu langu. "Kiwiko kilishashuka, nilikiona. Mtu anayeficha maumivu nitamwachiaje watoto wa watu?"

Nikamweleza yote: kwamba aliyenifundisha ni kaka yangu, aliyerusha mechi mbili kwa siku moja kwenye mashindano ya shule akazimaliza zote, raundi tisa kwa tisa, na sasa darasani anakofundisha anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia halinyanyuki. Kwamba enzi zenu mrushaji alipimwa kwa kumaliza, na hawa wa leo wanaotolewa mapema unawaita vibarua, wala hutaki kusikia kwamba yumo hodari kati yao.

Nilidhani atakucheka. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa kipimo cha siku zile kaka yako ni mrushaji mkubwa, na mtu asimnyang'anye sifa yake. Ila siku hizi tunatazama umewashindaje wale uliokutana nao, na mkono utakudumu miaka mingapi." Kisha akaniuliza upya kama bega linauma. Nikasema ndiyo, tena sana. Akanirudishia jezi.

Kaka, nililia pale pale uwanjani, na Swaleh hajaacha kunitania mpaka leo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Mama husema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi wawili tukadhani anawasema majirani.

Mwambie Mama kitenge chake kinakuja na mtu anayesafiri. Nisalimie shemeji, aliyenivumilia nilipokuwa nikiunguza wali jikoni kwake, na shangazi aliyenisindikiza kwa dua mpaka stendi. Watoto wako wote wabusu, na yule wa mwisho mwambie baba mdogo anamkumbuka.

Jambo la mwisho. Nimemuuliza kocha kuhusu bega lako lililoumia zamani. Anasema halitarudi lote, lakini yapo mazoezi ya kulilegeza, na amekubali kuongea nawe kwa simu Jumamosi baada ya adhuhuri, mimi nikiwa mkalimani. Atakuuliza linauma kiasi gani. Nakusihi kaka yangu, mwambie kweli.

Mdogo wako akupendaye,
Rajabu