Imelda Hanijibu Utani

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, mlima Matogoro hauonekani, na magoti yangu yanalalamika. Yalalamike tu.

Niliishia darasa la nne, lakini kuandika najua, na leo lazima niandike.

Ninaishi na mjukuu wangu Imelda, yuko kidato cha tatu. Tunataniana, kama bibi na mjukuu. Mimi humwita mke mwenza, eti anamnyemelea marehemu mume wangu. Naye hunijibu, "Babu angeniona mimi kwanza, wewe ungezeekea kwenu Madaba." Mdomo anao huyo mtoto. Kaurithi kwangu.

Wiki hii namchokoza, kimya. Nimemwambia ana miguu kama mwiko. Akasema, "Ndiyo, bibi."

Ndiyo, bibi!

Jana nimeona sweta lake jekundu la mitumba, lile alilonililia sokoni, kalivaa binti wa jirani. Na baridi yote hii. Nikamuuliza. "Nimempa tu, bibi. Mimi sitalihitaji."

Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu mbele za watu mimi siogopi. Nikamweleza jirani hofu yangu, akanionya nisilitaje jambo lile mbele ya Imelda, eti nitamtia wazo. Upuuzi mtupu! Wazo lilikwisha kuingia, na si mimi niliyelitia.

Leo asubuhi tukichambua maharage nikamuuliza waziwazi, "Imelda, unafikiria kujiua?"

Akasema ndiyo.

Mwalimu alimsomea alama zake mbele ya darasa, akamwita mzigo. Wenzake wakalidaka jina hilo. Kila akipita, Mzigo, Mzigo.

Sikumgombeza. Mimi huyu! Nilimshika mkono mpaka akamaliza kulia. Kisha nikahamishia vitu vyote vya hatari kwa jirani, na sababu nikamwambia Imelda mwenyewe. Mchana nikampeleka hospitali. Muuguzi kamsikiliza bila haraka, na Ijumaa tunarudi. Peke yake simwachi, hata akienda kuteka maji.

Huyo mwalimu nitamfuata mwenyewe, na kitenge changu cha kanisani. Atanipa shikamoo kwanza, halafu atanisikia.

Jioni nikamwambia Imelda anadonoa ugali kama kuku mgonjwa, mke mwenza gani huyu. Akaniangalia. Midomo ikataka kucheka, ikaacha.

Bado.

Kesho namchokoza tena, na kesho kutwa. Siku atakayonijibu kwa kejeli nitamshukuru Mungu kwanza, ndipo nimkaripie.