Nani Aliyesema "Ni Mimi"

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mdogo wangu Kimbaumbau,

U mzima? Shemeji hajambo? Na wanangu je, yule wa mwisho kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunaendelea vizuri, ila goti langu siku hizi lina maneno mengi kuliko mimi. Cheka tu, nawe litakufika.

Nimeshika kalamu mara kadhaa wiki hii nikaiweka chini. Nikikuchanganya nivumilie, maana mwenyewe sijielewi.

Nimerudi kiwandani. Ndiyo, kiwanda kile kile ambako cherehani zetu zilikuwa zikitutoboa vidole. Waliniita nifundishe wasichana wapya kukata vitambaa. Nilifika asubuhi nikapotea kama mgeni. Mlango wa zamani umezibwa, chumba cha pasi kimekuwa stoo, na pale tulipokuwa tukijificha kunywa chai pana choo. Nilisimama katikati na mkasi wangu mkononi nisijue nielekee wapi.

Mara akatoka meneja, mama mzima mwenye miwani, akanikumbatia huku analia. Unajua ni nani? Kifungo! Yule binti mwembamba aliyekuwa akishona vifungo karibu na dirisha. Akawaita wasichana wote waje wanione. "Huyu ndiye aliyeniokoa," akawaambia. "Nilisahau pasi, mashuka ya hospitali yakaungua rundo zima. Bosi akauliza nani. Mimi nina mimba, naogopa kufukuzwa, sauti haitoki. Huyu akasimama akasema, 'Ni mimi.'"

Wasichana wakanipigia makofi. Mdogo wangu, mimi sikumbuki pasi, sikumbuki mashuka, sikumbuki kusimama! Lakini kupigiwa makofi kuna ulevi wake. Nikatabasamu kama mjinga.

Mchana nikamtafuta Spana, yule fundi mitambo. Bado yupo, meno ndiyo yameondoka. Nikamuuliza. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. "Wewe siku hiyo hukuwepo, mwanao alikuwa na homa. Ni mdogo wako. Bosi alimfukuza pale pale, hata koti la kazi alivulia mlangoni, akatusihi tusikwambie." Kifungo naye, kwa woga, hakurudi tena kazini. Alikuja kuajiriwa upya wakati sisi sote tumeshaondoka, na sura zetu unazijua, hata Mama alikuwa akituchanganya; ndiyo maana aliponiona alidhani ni wewe.

Nilikaa juu ya robota la vitambaa. Wewe nyumbani ulituambia umeichoka kazi! Ulisema kelele za cherehani zinakuumiza kichwa. Na Baba, aliyekuwa amekwenda kukuombea nafasi ile kwa unyenyekevu wote, akakwambia asikuone tena mpaka ujifunze kazi ni nini. Ukafunga mzigo wako. Kwa nini hukusema neno moja tu? Ulikuwa unamlinda Kifungo, au ulitukasirikia kwa kuamini haraka?

Nikaenda kwa meneja kumweleza kwamba si mimi. Unajua alifanyaje? Alicheka akanipiga begani. "Ndivyo ulivyo, hupendi sifa." Nikaapa. Akazidi kucheka. Sasa nakwenda kazini kila siku, wasichana wananiamkia kama malkia, na kila wakiniamkia nahisi nimevaa nguo yako bila ruhusa. Mwandikie Kifungo wewe mwenyewe, tafadhali. Mimi nimeshindwa.

Jambo la mwisho ndilo zito. Jana nilimweleza Baba. Nilidhani atabisha, unamjua. Hakubisha. Aliomba kiti chake kitolewe nje, akakaa ameelekea ukutani, chakula hakukigusa. Nikakaa karibu naye. Baadaye kabisa akauliza, bila kugeuka, "Anakuja lini?"

Miaka yote hii sijamsikia akiuliza hilo. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi muulize."

Nami nakuuliza.

Nisalimie shemeji, na wanangu mmoja mmoja, waambie mama yao mkubwa anawapenda hata kama sura zao anazijua kwa picha tu. Shangazi anakusalimu sana. Spana naye kasema nikufikishie salamu zake, kwamba cherehani yako hakuna aliyewahi kuiendesha vizuri kama wewe.

Mungu akufungulie njia, na akulinde popote ulipo.

Mimi dada yako, ninayekupenda na kukushangaa,
Dada Mkubwa