Mashua ya Nusu na Saa za Kuruka

Jibondo

Mjukuu wangu Salum,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako kaenda Chole kwenye mkutano wa watu wa hifadhi ya bahari. Mimi ni goti tu linalonisumbua.

Unauliza kama uanze masomo ya urubani sasa, maadam pesa ya nusu ya saa za kuruka unayo, na nyingine itapatikana mbele.

Marehemu babu yako naye alisema, "Nyingine itapatikana," akaanza kuunda mashua. Mbao zilipofika nusu ya ubavu, pesa ikakata. Chombo kikakaa juani mpaka kuku wetu wakawa wanataga ndani. Pesa iliporudi, mbao zilikwishapinda na kuachana. Fundi akazing'oa, akaanza upya. Nusu ile tuliilipia mara mbili.

Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mwanafunzi akikatiza, mkono husahau na saa hurudiwa. Basi jibu unalo. Weka kwanza pesa ya saa zote, ya daktari wa kukupima, ya mtihani, na akiba ya kurudia utakaposhindwa. Ukianza, usisimame.

Siku hizi ndege ndogo zikipita hapa kwenda kushuka Kilindoni sitoki nje kutazama. Nitatoka ikija yako, hata ikichelewa.

Bibi yako