Bangili za Mama na Waya za Spika

Jumamosi, Juni 1976

Kumbe tatizo la spika zetu halikuwa waya wa shaba hata kidogo!

Wiki nzima mume wangu Hamisi ananiambia waya wa fedha unapitisha sauti safi kuliko wa shaba. Kayasoma hayo kwenye gazeti kuukuu la Wazungu. Kariakoo hata wa shaba ni wa kubahatisha, wa fedha atautoa wapi? Juzi akasema, "Sonara anaweza kuyeyusha zile bangili za fedha za mama yako, akazivuta ziwe waya."

Niliogopa kumkatalia. Nikasema nimeshampa dada Zuhura, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Uongo mtupu. Ziko sandukuni, chini ya kanga zangu.

Leo kaja fundi redio wa mtaa wa Gerezani. Kazitazama waya za spika, akacheka. "Bwana Hamisi, shaba inatosha kabisa. Ncha tu zimeota kutu." Akazisugua kwa msasa, akazifunga upya, tukaweka santuri ya taarabu. Fidla ikalia kana kwamba mpigaji yuko hapa sebuleni. Hamisi alifumba macho. Na mimi nilifurahi, nisiseme uongo mwingine.

Halafu akasema, "Ulifanya vizuri kumpa Zuhura. Jumamosi ijayo kwenye harusi ya dada yangu nitamwona nazo."

Tangu tumzike mama, Zuhura analalamika kwamba bangili zile zilikuwa haki yake. Kesho nitampelekea Buguruni. Atanibusu, ataniambia hatimaye nimetenda haki, nami nitaitikia.